Kadi Niliyomnyima Mtani Wangu

Nyie vijana mtakaosoma haya, na hasa ninyi wasichana mliopewa filimbi juzi, kaeni chini msome mpaka mwisho. Mlikuja kwangu na simu zenu, mkaniweka kwenye kiti mbele ya ukuta, mkasema, "Bibi, tueleze ulivyotufungulia njia." Nikawaeleza mliyoyataka: nilivyokuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mpira pwani yetu hii, nilivyovaa, nilivyokimbia, watu walivyoshangaa. Mkacheka, mkanywa chai, mkaenda zenu. Niliyowaambia yote ni kweli, ila niliishia njiani. Mmoja wenu aliniuliza, "Bibi, kwa nini uliacha?" nikamjibu ni magoti. Magoti yangu hayana kosa. Mpaka leo naswali nimesimama.

Sasa nawaandikia kilichobaki. Shule sikwenda sana. Niliishia darasa la tano, baba akanitoa nikawinge ndege kwenye mpunga. Mkiona sentensi imekwenda upande, isomeni hivyohivyo.

Mpira niliujua kwa kuuza mihogo ya kukaanga pembeni ya uwanja, hapa hapa Bagamoyo. Ukikaa na karai lako pembeni ya uwanja miaka saba, kila alasiri, utajifunza tu, utake usitake. Nilijua nani kaotea kabla mshika kibendera hajanyoosha mkono. Nilikuwa nasema kwa sauti, sijui kunyamaza, na wateja wangu walikuwa wanacheka. Siku moja refa hakutokea, alikuwa kwenye mazishi Mapinga, na timu zote mbili zimeshavaa. Mzee mmoja aliyekuwa anapanga mechi akanigeukia. "Wewe mama mihogo, kila siku unatufundisha ukiwa umekaa. Haya, simama."

Alidhani nitaona haya. Nikamkabidhi karai, nikajifunga kanga kiunoni, nikamwambia anipe filimbi. Nilichezesha mpaka mwisho, na walioshindwa hawakulalamika. Waliolalamika ni walioshinda, kwa sababu niliwakatalia penalti.

Mume wangu alikuwa fundi wa nyavu. Nilipomwambia nataka kwenda kozi ya waamuzi hakusema ndiyo wala hapana, alichukua uzi wa nyavu mweusi akasokota kamba ya filimbi, akanivisha shingoni, akarudi kwenye kazi yake. Sheria za mpira ziko kumi na saba. Nilizisoma kwa kidole, neno moja moja, yeye akishona nyavu barazani na kunisahihisha. Miezi minne tulikuwa hivyo. Naiandika miezi hiyo kwa sababu ilikuwa mizuri, na sitaki mtu aseme mimi sikumbuki mazuri.

Kukimbia ndiko kulikokuwa na vituko. Lazima refa apimwe mbio, kwa hiyo baada ya swala ya alfajiri nilikuwa natoka mbio kwenye njia ya Mbegani. Siku za mwanzo watu walitoka milangoni na kanga mabegani. "Kuna nini? Nani kafa?" Mwanamke mzima hakimbii barabarani ila kuna msiba. Bibi mmoja alinifuata mpaka karibu na mikoko akilia, hajui anamlilia nani. Nilipomwambia nafanya mazoezi alinitukana kwa Kikwere matusi ambayo sijayasikia tena.

Nguo nazo zilikuwa kesi. Nilivaa suruali ndefu nyeusi, na jezi ya mikono mirefu, na shungi nimelifunga nyuma. Msikitini wakasema nimevaa kiume. Waamuzi wenzangu wakasema nimevaa kimsikiti. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa cha wanaume, kwa hiyo nilibadilisha jikoni kwa mama mmoja mwenye nyumba nyuma ya goli, katikati ya masufuria, na nikatoka na harufu ya moshi kwenye jezi.

Lakini lililonikaa rohoni wakati ule ni hili. Timu za kwetu zina watu wao wanaoshughulikia dawa, wanaomwaga vitu golini usiku wa kuamkia mechi. Wakaingiwa na hofu kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake akapita pale, dawa inakufa. Basi kabla ya kila mechi walimtuma mke wa kocha aje jikoni kule kuniuliza.

"Dada, samahani, wametaka nikuulize. Uko safi?"

Mara ya kwanza nilimjibu. Nilikuwa mgeni wa kazi, nikadhani ndiyo adabu. Mara ya pili nilimwambia, "Waambie wamuulize na refa msaidizi kama ametahiriwa." Hawakutuma mtu tena. Ila kuna makipa waliokuwa wakifukia nyayo zangu kwa mguu kila nikipita golini kwao. Ninyi mnapiga picha na makipa siku hizi. Mimi walinifukia nyayo.

Hayo nayo yalipita. Nimeyaandika mjue kwamba sikuangushwa na hayo. Watu wakiniambia nenda nyumbani kapike, kwa miaka mingi walikuwa wakiniambia, nilikwenda nyumbani, nikapika, kesho yake nikarudi uwanjani.

Aliyeniangusha ni mtani wangu.

Ninyi mliokulia kwenye viwanja vya kupimwa huko Mapinga, mkipangiwa majirani na dalali, mnadhani utani ni vichekesho. Utani ni undugu wa aina yake. Sisi Wakwere na Wanyamwezi ni watani tangu wazee wao walipokuwa wakishuka huku pwani na mizigo mabegani. Mtani wako anaweza kukuita jina lolote mbele ya yeyote, na wewe hukasiriki. Ukikasirika, mkosaji ni wewe. Na siku ukifiwa, mtani ndiye anayefanya kazi ambazo mkono wa ndugu unatetemeka kuzifanya, huku anakuchekesha.

Huyu wangu baba yake alikuwa mpakiaji wa malori pale Chalinze. Yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, analeta mkaa Bagamoyo kila wiki. Siku ya kwanza alipokuwa anashusha magunia kwa jirani yangu, niliisikia lafudhi yake nikamuuliza, "Wewe Mnyamwezi?"

"Ndiye."

"Umefika, mpagazi wangu. Ule mzigo wa babu yangu uliutupa wapi?"

Akalitua gunia taratibu. Akanitazama mimi, akalitazama fagio mkononi mwangu. "Mkwere wewe. Jua limefika utosini, bado unafagia. Hivi nyie mnaamka ili mkalale wapi?"

Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile kijana yule akija Bagamoyo na mkaa alikula kwetu. Mume wangu alimpenda. Walikuwa wakicheza bao, na yule kijana akishindwa anasema bao la pwani limeoza kwa chumvi. Aliniita mvivu mbele ya wakwe zangu, nikamwita mpagazi mbele ya rafiki zake. Mama yangu alipofariki, kaburi likiwa limeshachimbwa, alishuka akalala mle chini, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Watu walikuwa wanalia wakacheka. Mtaa mzima uliona. Kumbukeni kwamba mtaa mzima uliona.

Na alikuwa anacheza mpira. Mshambuliaji wa timu ya Chalinze, ana mguu wa kushoto mbaya sana.

Ukaja mwaka ambao Chalinze na Mapinga walikutana fainali ya mkoa, uwanja wetu wa Bagamoyo. Mkubwa wetu wa waamuzi aliniita. "Mama, fainali ni yako. Kamisaa wa mchezo anatoka Dar es Salaam. Akikuandika vizuri, unapandishwa daraja. Utaanza kuchezesha ligi ya taifa. Mwanamke wa kwanza kutoka pwani hii yote."

Nikamwambia sawa, kama vile kaniambia nikachote maji. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango nikasujudu. Daraja lile nililitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na nimetaka vitu vichache. Nilitaka niingie uwanja mkubwa wa Dar, wale waliofukia nyayo zangu wawe wamekaa nyumbani wanasikiliza redio, wasikie.

Kabla ya mechi kuna karatasi ya kujaza. Katibu akanisomea, "Una ndugu yeyote kwenye timu hizi mbili?" Nikajibu sina. Sikudanganya. Mtani si ndugu wa damu, si jamaa wa ndoa, na karatasi haikuwa na mahali pa kumwandika. Mtu wa ofisini angejua kwamba kile ndicho kilichokuwa kinaulizwa. Mimi haikunipitia kichwani. Kumwandika mtani kwenye karatasi, kwetu sisi, ni kama kuliandika jua.

Kipindi cha kwanza, dakika za katikati, mtani wangu akafunga goli. Alikuwa ameotea. Kibendera kilikuwa juu, na mimi mwenyewe nilimwona. Nikapuliza, goli nikalikataa. Akaja mbio mpaka mbele yangu, akasimama kashika kiuno, akapaza sauti upande ule wote wa uwanja usikie.

"Wewe Mkwere mvivu, umeshindwa kukimbia ndiyo maana hukuona. Nenda nyumbani kapike. Filimbi mwachie mumeo."

Waliotujua wakaangua kicheko. Na mdomo wangu mimi ukajibu kabla yangu.

"Rudi nyuma, mpagazi, mzigo utakuponyoka."

Nikacheka. Sikutabasamu, nilicheka, meno yote nje, mbele ya kamisaa kutoka Dar es Salaam aliyekuwa amekaa kivulini na kalamu. Refa katukanwa, kacheka, karudisha. Mtani wangu akaniinamia kama ananisalimia, akakimbia zake. Mchezo ukaendelea, na wallahi sikuona kosa lolote. Nilijisikia niko kwetu.

Kipindi cha pili beki wa Mapinga, kijana mrefu mkimya, alimkata mtu miguu nikampigia faulo. Aliokota mpira, akaniwekea miguuni, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nenda nyumbani kapike, mama."

Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Nikamwinulia nyekundu.

Yule mtoto hakubisha kwa kelele. Alinitazama tu. "Mbona yule hukumpa?"

Nikamwonyesha nje kwa kidole. Kwangu mimi yule mwingine alikuwa amenichekesha, na huyu alikuwa amenitukana, na tofauti yake niliiona wazi kama mchana. Lakini nani mwingine aliyeiona? Watu wa Mapinga walikuwa wameyasikia maneno yaleyale saa nzima haijapita, na refa anacheka. Zikiwa zimebaki dakika chache, mtani wangu akafunga kwa ule mguu wa kushoto, goli halali kabisa, kwenye nafasi aliyoiacha beki niliyemtoa. Chalinze wakabeba kombe. Mchanga ulitupwa, chupa zilitupwa, polisi wakanifikisha jikoni kwa yule mama. Nilivua jezi kwenye moshi huku nasikia nje wanaimba jina langu na jina la mtani wangu, na katikati wameweka neno la kitandani.

Wiki ya tatu nikaitwa Dar mbele ya kamati. Wanaume watano na meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole, na upole wake ndio uliokuwa unatisha.

"Mama, wachezaji wawili wamekwambia maneno yaleyale. Mmoja umemtoa. Mwingine umecheka naye. Tusaidie."

"Yule ni mtani wangu, mzee."

"Sheria ya kumi na mbili, ile ya makosa na kadi, inamtaja mtani?"

"Haimtaji. Nilikosea. Nilipaswa kumpa kadi na yeye, au nilipaswa kusema mapema nisipangwe. Niadhibuni kwa hilo."

Akaandika. Akaniambia jambo ambalo naweza kuwaandikia hapa kama alivyolisema. Ikiwa ni utani, basi ni udhaifu wa mwamuzi, nitasimamishwa miezi sita na nitarudi. Ikiwa si utani, basi ni upendeleo, na mwamuzi wa upendeleo harudi. "Kwa hiyo tumemwita na mchezaji," akasema. "Atueleze."

Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha. Miezi sita ningekaa nikauza mihogo.

Mtani wangu akaingia. Shati jipya, limepigwa pasi. Sikujua kwamba wiki ileile timu moja kubwa ya mjini ilikuwa imemwita kwenye majaribio, na kwamba mchezaji aliyekiri kumtukana refa angefungiwa na majaribio yangempita. Nililijua hilo baadaye. Wakati ule niliona shati tu.

"Kijana, siku ya fainali ulimwambia nini mwamuzi?"

"Nilimuuliza kuhusu goli langu, mzee."

"Hukumtukana?"

"Hapana."

"Yeye anasema ninyi ni watani. Mnataniana miaka mingi, unakula kwake."

Hakunitazama. Aliitazama miwani ya mwenyekiti. "Mimi namwona uwanjani tu. Sina utani naye."

Nilisubiri acheke. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Nilidhani huo nao ni utani, kwamba atageuka aseme haya Mkwere umeshikwa, halafu awaeleze ukweli. Mwenyekiti akanigeukia.

"Sasa, mama, pale uwanjani ulikuwa unacheka na nani?"

Ningesema nini? Ningewaambia alilala kwenye kaburi la mama yangu? Nilivua ile filimbi shingoni na kamba yake ya uzi wa nyavu, nikaiweka mezani. Mwenyekiti akasema filimbi ni mali yangu niichukue. Nikaichukua. Barua ya kufungiwa maisha ilinifuata nyumbani.

Mnataka kujua alifika wapi? Alicheza Dar misimu miwili, goti likaharibika, akarudi Chalinze. Kwa hiyo hata yeye hakukifaidi kile alichoniuza ili akipate.

Na yule beki wa Mapinga ndiye niliyemdhulumu mimi. Naye alifungiwa kwa ile kadi. Baada ya mwaka nilikwenda kumtafuta, nikamkuta anafyatua matofali kwenye kiwanja cha mtu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinawa mikono. "Shikamoo, mama. Karibu kiti." Akaleta kiti, akaleta maji kwenye kikombe safi. Nikamwambia nimekuja kukuomba radhi. Akasema, "Ahsante, mama." Akasimama pale mikono nyuma, kwa adabu zote, mpaka nilipomaliza maji. Nilitoka pale nikitamani angenitukana. Mpaka leo sijapata kupigwa kama nilivyopigwa na kile kikombe cha maji.

Nyumbani mume wangu hakuniuliza kitu. Watu barazani walikuwa wanasema mkewe alikuwa na yule Mnyamwezi, mtoto mdogo vile, na ndiyo maana kijana haji tena. Yeye aliendelea kushona nyavu zake. Bao lile alilifunika juu ya kabati. Mimi nikachukulia kunyamaza kwake ni kuniamini, nikamshukuru moyoni kwa hilo, kwa miaka yote ile, watoto wakaoa na kuolewa, wajukuu wakaja.

Mwaka juzi akaugua. Siku za mwisho alikuwa anazungumza kidogo kidogo. Alasiri moja nilikuwa namnywesha uji, akanishika mkono.

"Ulikuwa utani tu, siyo?"

Nikajua anasema nini mara moja. Kijiko kilikuwa mkononi. Nikamwambia, "Ulikuwa utani tu."

"Basi," akasema, akafungua mdomo, nikaendelea kumnywesha.

Basi. Kumbe alikuwa amelala na swali hilo ubavuni mwangu miaka yote ile. Angeniuliza siku ya kwanza ningemjibu neno hilohilo, likaisha. Wiki iliyofuata akafariki, na mimi nikaingia eda nikiwa na hasira na maiti, jambo ambalo mwanamke hamwambii mtu.

Siku ya mazishi nilikuwa chumbani na wanawake, nimefunikwa, mlango una pazia tu. Nikasikia uani kelele zimebadilika. Watu wameanza kucheka. Halafu nikasikia filimbi. Filimbi ya refa, ndefu, mara mbili. Nikaijua sauti iliyofuata kabla sijayaelewa maneno, ijapokuwa ilikuwa imezeeka.

"Simamisheni jeneza, simamisheni! Huyu mzee kaotea. Katangulia kabla ya pasi. Refa wa humu ndani yuko wapi? Kalala, Mkwere yule, mchana wote huu."

Uani walicheka. Wanawake walionizunguka wakacheka ndani ya kanga zao. Wanangu walicheka, niliwasikia. Nitawaambia ukweli: hata mimi kicheko kilinifika hapa kooni, kwa sababu kilikuwa kizuri, mume wangu mwenyewe angekipenda. Alikuwa ameshavaa kofia ya marehemu, wakaniambia baadaye, na anachechemea kama mume wangu alivyochechemea uzeeni. Mtu mmoja akamuuliza, "Wewe mzee ni nani kwani?" Akajibu kwa sauti, pazia langu lilitikisika.

"Mimi? Mimi ni mtani wa huyu mama. Nimekula humu ndani tangu ujana wangu. Muulizeni mtu yeyote mtaa huu."

Ndiyo hiyo sentensi. Hiyo hiyo, haijapungua neno. Nilikuwa nimeihitaji siku moja tu maishani, mbele ya watu watano na meza, na yeye akaja kuitoa bure uani kwangu, mume wangu aliyeihitaji naye ameshavikwa sanda. Kile kicheko kikarudi chini. Nikajifunika uso, na wanawake wakadhani nalia.

Akaja na siku ya pili, akakaa na wanangu, akawataniatania, wajukuu wakampenda, wakamwita babu mpagazi. Aliwaambia nilivyokuwa refa hodari. Siku ya tatu tulipoanua tanga, watu wakatawanyika, akaaga akasema atakuja arobaini, na Idi atakuja, sasa atakuwa anakuja. Nikawaita wote wa nyumba yangu chumbani: wanangu wawili, binti yangu, wakwe, na wajukuu walioelewa. Nikawaeleza haya mliyoyasoma, kwa ufupi kuliko hivi.

Mwanangu mkubwa akakuna kichwa. "Mama, lakini mtani hafukuzwi. Wala hakasirikiwi. Si ndivyo mlivyotulea?"

Nikamwambia, "Nani kasema afukuzwe? Sijakasirika, na mlango wangu haufungwi. Akija, akutwe na wewe mkubwa, usimame. Umpe shikamoo. Mjukuu amletee kiti, kile kizuri cha wageni, na maji kwenye kikombe safi. Akisema sisi wavivu, mumjibu, 'Ndiyo, mzee.' Akitaka kofia ya baba yenu, mumwambie, 'Samahani, mzee.' Asiwepo wa kucheka, asiwepo wa kumwita mpagazi, hata mtoto. Akiuliza mimi niko wapi, mwambieni mama anakusalimu sana. Halafu msimame hapo, mikono nyuma, mpaka amalize maji."